Dune imeachwa, na mengine kuhusu maleba ya Oscar mwaka huu wa 2025

Alhamisi saa kumi na nusu jioni nilikuwa na sketi 14 za marinda mezani, zote za kijani, zote za shule moja, na mwalimu alishasema atazipitia Ijumaa asubuhi kabla ya gwaride. Anayeshona sare hapa Uhuru Market anajua Januari ilivyo. Shule zilifunguliwa tarehe 6, lakini wazazi wengi hungoja mshahara, kwa hivyo sisi tunalemewa wakati watoto wako darasani tayari, wamevaa za mwaka jana zilizowabana kwapa. Hata hivyo nilizima cherehani. Nilimwachia Achieng', msichana ninayemfunza kazi, kupiga pasi. Nikaegemeza simu kwenye kopo la bobini, nikamwomba Baba Kevo wa kibanda cha pili asimamishe mashine yake ya sweta dakika ishirini tu. Alisimamisha. Hunifanyia hisani hiyo kila mwaka, na kila mwaka swali lake ni moja.

"Mama Wambo, leo ni ile ya nguo?"

Ndiyo, ni ile ya nguo. Wengine hungoja kusikia filamu bora na mwigizaji bora. Mimi hungoja maleba, yaani mavazi ya waigizaji. Mwaka huu tulingoja zaidi, kwa sababu majina ya walioteuliwa kuwania Oscar yalipaswa kutoka tarehe 17 Januari, yakasogezwa hadi 19, kisha hadi 23, baada ya moto kuteketeza mitaa ya watu Los Angeles. Muda wote huo nilikuwa na orodha yangu imebandikwa ukutani juu ya meza ya kukatia, filamu tano kwa chaki ya fundi.

Majina ya filamu husomwa kwa mpangilio wa alfabeti. Wakasoma A Complete Unknown. Wakasoma Conclave, nikapiga makofi hadi Achieng' akashtuka na pasi mkononi. Halafu wakasoma Gladiator II. Hapo moyo ukaniruka, maana Dune ilifaa kusikika katikati ya hizo mbili, na nafasi yake ilikuwa imeshapitwa. Wakamalizia na Nosferatu na Wicked. Nilipatia nne kati ya tano, lakini ile moja niliyokosa imeniuma hadi leo Jumapili ninapoandika haya.

Nieleze kwanza kwa nini uteuzi wa maleba ni kitu kikubwa kwangu kuliko ushindi wenyewe. Ile Academy ya Marekani imegawanywa kwa matawi: waigizaji tawi lao, wahariri lao, wabunifu wa mavazi lao. Wanaochagua zile tano za maleba ni wabunifu wa mavazi peke yao. Ni watu waliowahi kufumua mshono saa nane usiku. Ni watu wanaojua kwamba joho likikatwa kwa upande usiofaa wa kitambaa litavutika hadi liguse sakafu. Baada ya hapo kura ya mshindi hupigwa na wanachama wote, wakiwemo watu wa sauti na waandishi na watayarishaji ambao huenda hawajawahi kushona kifungo. Kwa hiyo mshindi ni chaguo la wote, lakini zile tano ni heshima ya fundi kwa fundi. Ndiyo maana mtu akiachwa nje ya tano naona ameachwa na watu wa kwao.

Na Dune: Part Two imeachwa na watu wa kwao. Mbunifu wake, Jacqueline West, aliteuliwa mwaka 2022 kwa ile ya kwanza, pamoja na Robert Morgan, na kwa macho yangu kazi ya safari hii ni bora kuliko ile. Tazama nguo za watu wa jangwani. Zimechujuka mabegani na juu ya mgongo, mahali ambapo jua hupiga, na chini ya mikunjo rangi imebaki. Nimeshona buibui za wateja wa Garissa wakazirudisha mwaka uliofuata nizipunguze, na ndivyo hasa zilivyokuwa zimechujuka. Hilo halitokei kwa kupaka vumbi dakika tano kabla ya kamera kuwaka. Kuna mtu alikaa akafikiria jua linatoka wapi na huyu mtu hutembea akielekea wapi. Halafu lipo lile vazi la kichwani la minyororo la Princess Irulan, ambalo najua lilimpa mtu usumbufu mkubwa, maana chuma hakisameheani na kitambaa chepesi, hukivuta hadi kichanike. Yote hayo, na hawakumpa hata nafasi ya tano. Mimi ningeitoa Gladiator II. Janty Yates namheshimu, alichukua Oscar kwa Gladiator ya kwanza mwaka 2001, lakini hii ya sasa aliyofanya na Dave Crossman nimeiona kama nguo nzuri za mtu ambaye ameshaonyesha nguo hizo zamani.

Kuna aina nyingine ya maleba ambayo mafundi hao huiacha kila mwaka, nayo ni nguo za leo. Ukirudi nyuma utaona wanaopita ni wafalme, wachawi, askari wa kale na watu wa sayari nyingine. Mtu akivalishwa jinzi na fulana ya sokoni, watu hudhani alijivalisha mwenyewe. Kwenye Anora kuna lile koti la manyoya analonunuliwa binti. Fuatilia koti hilo tangu siku ya kwanza: anavyolibeba, anavyolikumbatia, anavyolifunga baridi inapomzidi. Utajua ndoa yake inaelekea wapi kabla hajasema neno. Hayo ni maleba. Lakini hakuna aliyelitaja.

Tuje kwa tano zenyewe. Nosferatu sitaikawiza. Linda Muir amefanya kazi na mwelekezi Robert Eggers tangu The Witch, na anajua kushona zamani bila kuifanya ing'ae. Mikono ile mipana ya magauni ya Ujerumani ya mwaka 1838 imekaa inavyotakiwa, na hakuna aliyeonekana kama anaenda kwenye sherehe ya mavazi. A Complete Unknown ya Arianne Phillips, ile ya ujana wa mwanamuziki Bob Dylan, nimeiona trela na picha tu kwa sasa, lakini jinzi zimenivutia. Anayechambua mitumba Gikomba alfajiri atakuelewa ukimwambia kwamba jinzi ya 1961 na jinzi ya 1965 si suruali moja. Mguu unabana kadiri umaarufu unavyopanda, na mwili wa kijana unaanza kusimama kivingine. Hii ni mara ya nne Phillips anateuliwa. Hajashinda hata mara moja.

Wicked niliitazama Desemba na binti yangu Wambo, sinema ya Ngong Road, likizo ya shule. Alikuja kwa sababu ya nyimbo. Mimi nilikuja kwa sababu ya marinda. Lile gauni jeusi la Elphaba, yule mchawi wa kijani, lina marinda madogo madogo kama mistari ya daftari, na mbunifu wake, Paul Tazewell, ameeleza kwamba aliyatoa kwenye upande wa chini wa uyoga. Nilirudi nyumbani nikachukua uyoga wa jikoni nikaugeuza, na kweli, yapo. Mimi hukunja marinda ya inchi moja siku nzima, na ninajua namna yanavyofunguka mtoto akikimbia. Kukunja madogo kiasi kile, kwenye kitambaa cheusi kinachoficha kila kitu, kisha yaonekane yakisogea mtu anapopumua, hiyo ni kazi ninayoivulia kofia. Na sare za Shiz, chuo chao mle ndani ya filamu! Rangi ni za familia moja, lakini kola na mikato inatofautiana, kwa hivyo unaona shule na bado unaona mtu mmoja mmoja. Nilimnong'onezea Wambo tungepewa uhuru huo hapa Nairobi tungefanya mambo. Akaniambia, "Mama, tazama filamu."

Tazewell aliteuliwa mwaka 2022 kwa West Side Story, na ana Tony, ile tuzo ya michezo ya jukwaani Marekani, kwa Hamilton. Akishinda Machi atakuwa mwanamume Mweusi wa kwanza kushinda tuzo hii, ambayo imetolewa tangu 1949. Mwanamke Mweusi wa kwanza alikuwa Ruth E. Carter mwaka 2019 kwa Black Panther, halafu akashinda tena 2023. Kazi ya Carter kwangu ilikuwa kama barua kutoka kwa mtu anayenijua: wale walinzi wa kike wenye nyekundu na shanga, ukiwatazama unaiona Kajiado. Nasema wazi kwamba natabiri Tazewell atashinda, na atakuwa amestahili.

Lakini moyo wangu uko kwa Lisy Christl na Conclave, na hapa naomba mnivumilie.

Ninashona majoho ya kwaya. Nimeshona pia kanzu nyeusi ya padri yenye vifungo 33 kwa miaka ya Yesu duniani, na najua kwamba vifungo vile vikikosea kwa kifungo kimoja tu chini, joho zima linapinda. Kwa hivyo niliikalia Conclave kama mtu anayekagua kazi. Hadithi ni ya makadinali waliofungiwa Vatikani kumchagua papa mpya, na karibu wote wamevaa kitu kilekile kimoja. Jaribu kufikiria kazi hiyo. Utanionyeshaje nani ana tamaa, nani amechoka, nani ni mkarimu, iwapo wote ni wekundu kutoka shingoni hadi miguuni? Christl amefanya hivyo kwa uzito wa kitambaa na kwa misalaba shingoni. Kuna anayevaa msalaba kama pambo, na kuna kadinali wa Kabul ambaye mavazi yake yanakwambia ametoka mahali pasipo na mtu wa kumpigia pasi. Ile nyekundu yenyewe si nyekundu kali ya kuumiza macho, ni nzito, imeelekea damu ya mzee. Kila nilipoiona nilitamani kuishika kati ya vidole viwili. Na mmoja wa makadinali hao, Adeyemi wa Nigeria, ameigizwa na Lucian Msamati ambaye wazazi wake ni Watanzania. Nyekundu ile imemkaa kuliko wote.

Lakini deni langu kwa Christl ni la zamani kidogo. Ndiye aliyevalisha ile filamu ya Kijerumani ya vita ya mwaka 2022, All Quiet on the Western Front. Mwanzoni kijana askari anakufa. Wanamvua sare. Sare inapelekwa na marundo ya sare nyingine, inafuliwa, maji yanageuka mekundu, kisha inafika kwenye chumba kirefu kilichojaa wanawake na vyerehani. Wanaziba matundu ya risasi. Halafu sare ileile inakabidhiwa kijana mwingine, mpya, mwenye furaha, naye anaona kwenye kola jina la mtu mwingine. Anawaambia hii ni ya mtu. Wanalibandua lile jina na kumjibu kwamba pengine ilikuwa ndogo kwa mwenyewe.

Niliitazama nikiwa nyumbani, usiku, na sikuweza kuendelea kwa muda. Sauti ya vile vyerehani ni sauti ya maisha yangu. Wiki iliyofuata, mama mmoja aliniletea sweta ya mwanawe mkubwa niipunguze kwa mdogo wake, jina la yule mkubwa limetariziwa ndani ya kola. Achieng' aliuliza alifumue. Nikamwambia aliache, aliandike la pili chini yake. Tangu siku hiyo ndivyo tunavyofanya kwenye kibanda changu, isipokuwa mzazi akikataa.

Filamu ile ilichukua Oscar nne. Kwa maleba haikuteuliwa kabisa. Hapo mafundi wenzetu walikosea, na nasema hivyo nikiwa bado naamini ninachoamini kuhusu kura yao. Ndiyo maana Alhamisi nilipiga makofi. Mara ya kwanza kumwona Christl kwenye tano ilikuwa kwa Anonymous, na sasa amerudi.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa suti River Road, na ndiye aliyenitia ugonjwa huu. Alinipeleka Kenya Cinema pale Moi Avenue, na tulipotoka hakuzungumzia hadithi, alizungumzia mabega ya koti. Aliwahi kuniambia kwamba baada ya Out of Africa kutoka, wageni walikuja wakitaka suti za kaki kama zile, na alizishona hadi akachoka na rangi hiyo. Filamu ile ilipigwa hapa kwetu, ikachukua Oscar saba mwaka 1986. Tuzo ya maleba haikuwa kati ya hizo saba. Milena Canonero aliteuliwa, lakini ikaenda kwa Emi Wada wa Japani kwa Ran. Nilipoiona Ran miaka mingi baadaye, na yale majeshi yaliyovikwa rangi moja moja hadi unajua nani wa nani ukiwa mbali, nilikubali. Baba angekubali pia.

Mimi nami nina mwaka wangu. Machi 2014 Lupita Nyong'o alipanda jukwaani kuchukua Oscar yake akiwa na gauni la Prada la bluu hafifu, akasema rangi hiyo inamkumbusha Nairobi. Kufikia Aprili nilikuwa nimeshona saba za namna hiyo, za arusi, za mahafali na moja ya kipaimara. Nilizunguka Biashara Street na Eastleigh nikitafuta bluu ile. Nyingi zilikuwa na ubaridi, zimeelekea kijivu. Bluu yetu ya saa nne asubuhi, baada ya mvua, ina joto ndani yake. Niliipata mwishowe kwenye roli moja ya shifoni iliyokuwa imesahaulika chini ya zingine, nikainunua yote.

Nikirudi kwa mwaka huu, kuna filamu moja nilitamani ifike mbali, nayo ni yetu. Kenya ilipeleka Nawi kuwania filamu bora ya kimataifa. Hadithi ilianza kwa Milcah Cherotich, waelekezi ni wanne, na Michelle Lemuya Ikeny anamwigiza msichana wa Turkana anayefaulu mtihani ilhali babake anataka kumwoza kwa mifugo. Nilipoitazama sikuona tu msichana na baba. Niliona sare. Kwa mtoto yule, sare ya shule ya upili ni mlango. Nimeshona maelfu ya sare na sikuwahi kuifikiria hivyo mpaka filamu ile. Desemba walipotoa orodha fupi ya filamu 15, Nawi haikuwemo. Kutoka Afrika iliingia Dahomey ya Senegal, yake Mati Diop, nayo ikakatwa kwenye tano. Tumekuwa tukipeleka filamu tangu Nairobi Half Life mwaka 2012 na hatujaingia tano hata mara moja. Watu Wote, ile filamu fupi ya basi la Mandera, iliteuliwa mwaka 2018, lakini ilikuwa ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg. Waigizaji wetu, nchi yetu, Kiswahili chetu, bendera ya wengine. Nataka siku moja Baba Kevo asimamishe mashine yake kwa sababu hiyo.

Utabiri wa hizo nyingine nautoa haraka haraka. Emilia Pérez ina uteuzi 13, rekodi kwa filamu isiyo ya Kiingereza, lakini sioni ikibeba nyingi. Zoe Saldaña atapata yake ya mwigizaji msaidizi, basi. Filamu ya kimataifa nasema I'm Still Here ya Brazili. Mwigizaji bora wa kike nasema Demi Moore, ingawa ningefurahi mno akipata Fernanda Torres, kwa sababu mama yake, Fernanda Montenegro, aliteuliwa kwa tuzo hiyohiyo mwaka 1999, chini ya mwelekezi huyohuyo, Walter Salles, akakosa. Binti kuingia kwenye mlango uliofungiwa mama yake, miaka 26 baadaye, ni kitu ambacho fundi mwana wa fundi anakielewa. Wa kiume ni Adrien Brody. Mwigizaji msaidizi wa kiume ni Kieran Culkin. Kwa filamu za hali halisi naomba Soundtrack to a Coup d'Etat, inayosimulia kuuawa kwa Lumumba pamoja na muziki wa jazi uliotumiwa kufunika kelele.

Filamu bora nasema Conclave. Si mapenzi tu. Tuzo hiyo hupigiwa kura kwa kupanga filamu zote kumi kwa daraja, na filamu inayowekwa ya pili au ya tatu na watu wengi inaweza kuishinda ile inayopendwa sana na wachache na kuchukiwa na wengine. Sijakutana na mtu anayeichukia Conclave. Mwelekezi wake, Edward Berger, kuachwa kwenye waelekezi kunaipunguzia nguvu, nakiri, lakini sibadilishi.

Tumewekeana dau na Baba Kevo. Yeye amechagua Gladiator II kwa maleba, kwa sababu ya ngozi na vyuma, na ameshikilia kwamba hakuna anayejua kazi ya ngozi ndani ya ile Academy kuliko yeye. Mimi nimeandika Wicked. Atakayeshindwa atanunua chapati na madondo ya watu watatu, kwa sababu Achieng' ni shahidi na lazima ale. Sherehe ni Jumapili tarehe 2 Machi huko kwao. Hapa itakuwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, na nimeshaweka simu iniamshe.

Sketi 14 ziliondoka Ijumaa saa moja kasoro. Zilikuwa zimenyooka kwa pasi.